Askari wa f2

Mwanafunzi bora niliyewahi kumfundisha sataranji aliuacha mchezo huu akiwa na miaka 12, na aliyemwachisha ni mimi. Kwa miaka mitatu niliwaeleza watu habari nyingine. Niliwaambia wazazi, walimu wenzangu, hata mke wangu, kwamba mtoto aliingiwa na hofu siku ya fainali. Haikuwa hofu. Naandika haya kwa sababu siku hizi vijana wengi wanafungua madarasa ya sataranji kama nilivyofungua langu, na kosa nililolifanya ni jepesi mno kulirudia.

Mimi nilitokea kwenye drafti. Kijiweni kwetu, Dar es Salaam, ubao ulikuwa kipande cha plaiwudi kilichopigwa rangi, na kete zilikuwa vizibo vya soda, huyu kavigeuza juu, yule kavigeuza chini. Nilijifunza kwa kutazama wakubwa na kwa kufungwa magoli mengi. Sataranji niliijua nikiwa mtu mzima, kwenye simu. Niliangalia video za intaneti usiku kucha, nazo zilinipa nilichokuwa nakitafuta: ufunguzi wenye jina kubwa, hatua kumi za kwanza, na ahadi kwamba mpinzani atakwisha kabla hajajua kilichomkuta. Nikakariri. Nikakariri Ulinzi wa Sisilia na tawi lake la Najdorf. Nikakariri Ufunguzi wa Kihispania, ule unaobeba pia jina la kasisi Ruy López aliyechapisha kitabu chake cha sataranji mwaka 1561. Kwa watu niliokuwa nacheza nao, hayo yalitosha. Wengi walianguka kabla ya hatua ya 20, na mimi nikaamini kwamba naijua sataranji.

Mwaka 2016 ilitoka filamu ya Queen of Katwe, iliyoongozwa na Mira Nair. Inasimulia maisha ya Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe jijini Kampala, na mwalimu wake Robert Katende. Lupita Nyong'o ameigiza kama mama yake Phiona. Filamu hiyo iliwaamsha wazazi wengi wa huku kwetu, na mwanzoni mwa 2017 shule moja ya msingi jirani na ninapoishi ikaniomba nifungue darasa la Jumamosi. Tulipewa bwalo la chakula. Walikuja watoto 18 na tulikuwa na mbao sita.

Binti ninayemzungumzia alikuwa darasa la nne. Alikuwa ameiona filamu, na ndani yake kilikuwemo kitu kimoja ambacho hakikumtoka: pale mtoto mdogo kuliko Phiona anapomweleza kwamba askari, kete ndogo kuliko zote, akifika upande wa pili wa ubao anageuka malkia. Siku ya kwanza, kabla sijamaliza hata kupanga kete, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, ni kweli askari anakuwa malkia?"

"Ni kweli," nikamjibu, "lakini hayo ya baadaye. Kwanza tujue kuanza."

Jibu hilo ndilo kosa langu lote kwa ufupi. Baadaye niliyoiahidi haikufika.

Kwa miaka miwili niliwafundisha kuanza. Silaha yetu kubwa ilikuwa shambulio moja la Mchezo wa Italia ambalo wachezaji wanaliita Ini la Kukaanga. Nyeupe anasukuma askari e4, mpinzani anajibu e5. Farasi anatoka f3, mpinzani anatoa wake c6. Askofu anakwenda c4. Mpinzani akitoa farasi wa pili f6, farasi wetu anaruka g5 na kushirikiana na askofu kuitolea macho f7, mraba ambao mwanzoni hauna mlinzi ila mfalme mwenyewe. Mpinzani anasukuma d5, tunakula, na akila kwa farasi tunamtoa farasi wetu kafara pale f7 na kumburuta mfalme wake nje. Watoto walilikariri shambulio hilo kama jedwali la kuzidisha. Kwenye mashindano madogo walishinda kwa hatua 12 au 15, wazazi wakapiga makofi, mwalimu mkuu akanipongeza mbele ya paredi.

Hata michezo mikubwa ya zamani niliifundisha hivyo hivyo. Nilichukua ule mchezo wa Paul Morphy, Mmarekani aliyecheza ndani ya jumba la opera la Paris mwaka 1858 dhidi ya waungwana wawili walioshauriana kila hatua. Una hatua 17 tu, na mwishoni anamtoa malkia wake b8 ili mnara ummalize mfalme d8. Watoto waliukariri wote, na waliweza kuucheza kwenye ubao bila kutazama karatasi. Lakini sikuwahi kuwauliza swali moja: kwa nini ilikuwa rahisi hivyo? Angalieni ubao wa mwisho. Askofu wa Nyeusi wa f8 na mnara wake wa h8 hawajatoka nyumbani tangu mchezo uanze. Morphy amemwita kila mmoja kazini, mnara wake wa mwisho umeingia vitani hatua ya 14, na ndipo kafara ya malkia ikafaa. Katikati ya mchezo huo angeweza kula askari wa b7 na malkia, naye akaona heri atoe farasi. Somo lililomo ni la kuwatoa watu wako nyumbani mapema kuliko mwenzako, na hilo ndilo linaloupa ufunguzi maana: kushika katikati ya ubao, kutoa kete, kumweka mfalme salama. Mimi nilifundisha wimbo wake nikaacha maana.

Lazima niseme kwa nini. Sababu ya kwanza ni kwamba ufunguzi unaonekana. Mzazi akija Jumamosi na kumkuta mwanawe anacheza hatua kumi haraka haraka na kuzitaja kwa majina, anaona ada yake haijapotea. Akimkuta mwanawe ameinamia ubao wenye wafalme wawili na askari mmoja kwa nusu saa, atauliza kete nyingine zimekwenda wapi. Sababu ya pili ndiyo iliyoniuma zaidi nilipoikubali. Nilifundisha mwanzo kwa sababu elimu yangu iliishia hapo. Baada ya hatua ya 20 nilikuwa nacheza kwa kubahatisha kama wanafunzi wangu, na sikutaka wajue. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi niliuficha wangu kwa miaka miwili mbele ya watoto 18.

Mwaka 2019 tulifika fainali ya mashindano ya shule za msingi. Kila shule ilikuwa na wachezaji wanne. Meza tatu zilikwisha, tukiwa tumeshinda moja, tumepoteza moja, na moja sare. Ikabaki meza ya binti yangu. Akishinda, kombe letu. Sare ingewapa wenzetu kombe kwa pointi za raundi za nyuma.

Alikuwa na kete nyeupe na akaanza kama nilivyomfundisha. Farasi f3, askofu c4, farasi g5. Mpinzani wake, mvulana mkimya wa darasa la saba, akasukuma d5. Binti akala. Hapo mvulana hakumla yule askari. Alimchukua farasi wake wa c6 akampeleka pembeni, a5, kumpiga askofu. Hilo ni jibu la kawaida kabisa, lipo katika kila kitabu kinachoushughulikia ufunguzi huo. Mimi sikuwahi kulionyesha darasani, kwa sababu kwenye mashindano yetu madogo hakuna aliyewahi kulicheza.

Nilikuwa nyuma ya kamba, hatua kama tano kutoka mezani. Niliona akiinua macho na kunitafuta. Aliponiona, aliyarudisha ubaoni akatulia muda mrefu. Kisha akampa mfalme cheki kwa askofu pale b5, askari wakalana c6, na alipotoka humo alikuwa na askari mmoja zaidi. Aliipata njia hiyo peke yake. Mvulana naye alikuwa na kete zilizotoka vizuri, akamshambulia kwa zaidi ya saa nzima, na binti akajilinda. Mara mbili farasi wa mvulana alikaribia kushika malkia na mnara kwa pigo moja, na mara zote mbili binti alimwona mapema. Mitego hiyo sikumfundisha vya kutosha. Aliizoea kwa kufungwa mara nyingi na kaka yake nyumbani. Kete zikabadilishana moja baada ya nyingine, askari wakaliwa, hadi ubaoni wakabaki watatu tu. Mfalme wake mweupe alikuwa e3. Askari wake alikuwa f2, hajasogea tangu asubuhi. Mfalme mweusi alikuwa f6. Zamu ya binti, na saa ilimwonyesha dakika nne.

Nakuomba msomaji, kama una ubao karibu, ziweke kete hizo tatu. Kete nyeupe zimeshinda. Mfalme anasogea f4, anasimama mbele ya askari wake, ana kwa ana na mfalme mweusi, mraba mmoja katikati yao. Sasa ni zamu ya Nyeusi na hana kete nyingine ya kusogeza. Lazima mfalme wake apishe, kulia au kushoto, au arudi nyuma, na akipisha tu mfalme mweupe anapita upande wa pili na kumfungulia njia askari wake. Hali hiyo mimi naiita mkabala. Wafalme wawili wanapotazamana hivyo, anayelazimika kusogea ndiye anayepoteza. Na ukubwa wa askari wa f2 ni kwamba bado yuko nyumbani: siku mfalme akihitaji mpinzani wake ndiye asogee, askari anapiga hatua moja ndogo na zamu inageuka.

Binti hakuyajua hayo. Alijua kwamba askari anayetoka nyumbani anaweza kuruka miraba miwili, na kwamba askari akifika mwisho anakuwa malkia. Akamsukuma f4.

Mvulana akaweka mfalme wake f5, mbele ya askari. Ushindi uliishia hapo. Waliendelea hatua kumi zaidi. Kila binti alipopata nafasi alisogeza mbele, na kila aliposogeza, mfalme mweusi alirudi nyuma moja kwa moja, akangoja, akatokea mbele tena. Mwishoni askari alikuwa f7, mraba mmoja kabla ya umalkia. Mfalme mweusi alisimama f8, mfalme mweupe f6. Mvulana hakuwa na pa kwenda, wala hakuwa kwenye cheki. Mfalme amekwama. Mwamuzi akaandika sare.

Nilipita chini ya kamba kabla hawajapeana mikono vizuri. Nikamwambia, mbele ya wenzake na mbele ya baba yake aliyekuwa hatua mbili nyuma yangu:

"Askari mzima umemwacha hivi hivi? Nimekufundisha nini mimi miaka yote hii?"

Alikuwa bado ameshika kalamu ya kuandikia hatua. Aliiweka mezani, akaipanga sawa na karatasi, akasema, "Samahani, mwalimu."

Kisha nikamgeukia baba yake nikamwambia ushindi ulikuwa mkononi, ila mtoto aliingiwa na hofu. Baba akatikisa kichwa. Akamshika binti yake begani wakaondoka.

Usiku ule nilipanga ubao mezani kwangu. Nataka nikiri hata nia yangu: nilitaka kutayarisha somo la Jumamosi, niwaonyeshe wengine alipokosea. Nikaweka mfalme e3, askari f2, mfalme mweusi f6. Nikanyoosha mkono nisogeze hatua ya ushindi, na mkono wangu ukamshika askari. Nikamweka f4.

Nilicheza pande zote mbili. Sare. Nikarudia nikiwa na hasira. Sare. Mara ya nne nikafungua programu ya simu ikanionyesha mfalme f4, na hata baada ya kuonyeshwa sikuelewa ni kwa nini. Nilikaa hapo hadi adhana ya alfajiri.

Nilikuwa na kitabu cha José Raúl Capablanca, Mkuba aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927. Chess Fundamentals kilichapishwa mwaka ule ule alioupata ubingwa. Kinaanza na kumfunga mfalme kwa kete chache, kisha kinaingia kwenye askari na wafalme, na humo mna mkabala, umeelezwa kwa maneno machache yasiyo na kona. Kurasa hizo nilikuwa nimezivuka siku nilipokipata, nikakimbilia sehemu ya ufunguzi. Asubuhi ile ndipo niliposoma ukurasa wa kwanza.

Jambo jingine liliniingia akilini kuliko hata kitabu. Kijiweni, mzee mmoja wa drafti alikuwa na kawaida ya kuondoa kete zote ubaoni na kuacha kingi wachache, kisha anatuuliza sisi watoto: huyu anashinda au sare? Tukikosea anatuonyesha, tena na tena, bila kutucheka. Ndivyo nilivyofundishwa mimi. Nilipopata darasa langu mwenyewe nikawanyima watoto kile nilichopewa bure nikiwa nimekaa kwenye kreti la soda.

Kwa hiyo kufikia asubuhi ile nilijua kosa ni la nani. Hapo nilitakiwa kutoka nyumbani na kwenda kwa kina binti. Sikwenda. Jumamosi hiyo hakuja darasani, wala iliyofuata. Ya tatu alikuja na ubao wetu ndani ya mfuko, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Baba amesema nizingatie masomo." Nikapokea. Nikamwambia asante. Uongo wangu ulianza asubuhi ile nilipojua kosa, kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa sijui, na sasa nilijua nikanyamaza.

Darasa nililibadilisha. Nikamwanzisha kila mwanafunzi mpya na ubao uliokaribia kuwa mtupu. Kwanza kufunga mfalme kwa mnara mmoja. Kisha mfalme na askari. Kisha minara miwili, kila upande mmoja, na ule ulinzi unaobeba jina la Philidor, Mfaransa wa karne ya 18 aliyekuwa pia mtunzi wa muziki: mnara wa mlinzi unakaa kwenye mstari unaomzuia mfalme wa adui asisogee, na askari wa adui akishaingia mstari huo mnara unashuka hadi mwisho wa ubao na kuanza kutoa cheki kutoka nyuma. Mitego ikaja kila siku kwa dakika 20, fumbo baada ya fumbo, hadi jicho la mtoto likazoea kuiona bila kutafuta. Ufunguzi ukaja mwisho, na kila hatua ilibidi mtoto aseme inafanya kazi gani.

Niligundua pia kwamba njia hii si ngeni hata kidogo. Neno letu lenyewe, sataranji, limetufikia kwa Kiarabu kutoka kwa Waajemi, na mabingwa wa Baghdad, kama as-Suli wa karne ya 10, walikuwa mahodari wa kutunga na kukusanya mafumbo ya kete chache na kuyapa wanafunzi. Fumbo ninalolipenda mimi ni la karibu zaidi, la Richard Réti, la mwaka 1921. Mfalme mweupe h8, askari wake c6. Mfalme mweusi a6, askari wake h5. Zamu ya Nyeupe, apate sare. Askari mweusi amekwisha kimbia, mfalme mweupe kachelewa hatua mbili, na askari wake mwenyewe amekaribiwa na adui. Lakini mfalme anashuka kwa mshazari, g7, f6, e5, na kila hatua inamkaribia askari wa adui na papo hapo inamkaribia askari wake. Mpinzani akipoteza zamu kumla wa huku, wa kule anakamatwa. Akimkimbiza wa kule, wa huku anaokolewa. Kwenye ubao wa sataranji njia ya mshazari haimchukui mfalme hatua nyingi kuliko ya moja kwa moja, na watoto wakiliona hilo kwa mara ya kwanza bwalo zima linanyamaza.

Baada ya fumbo hilo niliwaonyesha Capablanca dhidi ya Tartakower, New York, 1924. Kila mmoja amebakiwa na mnara. Capablanca anamwacha mpinzani ale askari wawili, mmoja baada ya mwingine, tena kwa cheki, ili mfalme wake apate njia ya kupanda hadi f6. Akishafika hapo, mfalme, mnara na askari wake wa mbele wanafanya kazi pamoja, na wale askari walioliwa hawana uzito tena. Mfalme tuliyemficha mchezo mzima, mwishoni ndiye mpiganaji wetu.

Watoto waliimarika. Walimu wengine wakaja kutazama. Na kila mwaka nilipofika kwenye mkabala, nilitumia hali ile ile: e3, f2, f6. Nilisema, "Kuna mchezaji mmoja zamani alikosea hapa, akapoteza kombe." Nilisema hivyo mara tatu, kwa makundi matatu.

Mwaka 2022, mtoto wa miaka tisa aliyekaa mbele akauliza, bila nia yoyote mbaya, "Mwalimu wake hakumfundisha?"

Nilijibu, "Hakumfundisha." Kisha nikawapa fumbo, nikatoka nje ya bwalo kidogo.

Jioni ile nilikwenda. Binti alikuwa kidato cha pili, amerefuka, alikuwa anaanua nguo. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Mama yake alinikaribisha barazani, akatuacha. Nikamweleza yote: kwamba hatua ile sikumfundisha, kwamba mimi mwenyewe sikuijua, kwamba usiku ule ule nilikosea kama yeye, na kwamba nilijua tangu asubuhi yake na nikanyamaza miaka mitatu. Nikamwomba radhi. Hakulia wala hakunikatiza. Nilipomaliza alitazama kamba ya nguo kwa muda, kisha akasema, "Mwambie na baba."

Nilidhani nimekwisha maliza lililokuwa gumu. Baba yake alirudi baada ya magharibi, nikarudia maneno yale yale mbele yake. Alinisikiliza akiwa amesimama, bado na funguo mkononi. "Mimi nilimwambia mtoto ana moyo mwepesi," alisema taratibu. "Mtihani ukikaribia, namwambia. Akishindwa kitu, namwambia. Miaka yote hii." Hakunitukana. Aliingia ndani kwa binti yake, mlango ukafungwa, na walichoambiana sikukisikia wala hakikunihusu. Mama ndiye aliyenisindikiza hadi getini.

Binti hakurudi kwenye sataranji, na sikumwomba arudi. Kuomba hivyo kungekuwa kutafuta nafuu yangu mimi. Nilichoweza ni kurudi bwaloni Jumamosi iliyofuata na kuwaambia watoto habari hiyo kama ilivyokuwa: kwamba mchezaji yule alitoka peke yake kwenye njia ambayo mwalimu wake hakuwahi kumwonyesha, akalinda askari wake zaidi ya saa nzima, na pale alipohitaji kitu kimoja tu kutoka kwa mwalimu, mwalimu hakuwa nacho, kisha akamtupia lawama. Niliwaambia mwalimu huyo ni mimi.

Kwenu mnaofungua madarasa leo, sina la kuwafundisha juu ya Sisilia. Video zinatosha. Ninawaomba tu msifundishe pale mnapong'aa na kuruka pale msipojua, kwa maana mtoto ataufikia mwisho wa mchezo hata kama nyinyi hamjaufikia, na ataufikia akiwa peke yake. Mkikwama mbele yake, mwambieni mmekwama, mkae mtafute pamoja. Hakuna mtoto aliyenidharau kwa hilo tangu nianze kulifanya.

Mwezi uliopita aliingia mwanafunzi mpya, darasa la tatu, akashika kete ndogo akaigeuzageuza. Akaniuliza kama ni kweli hii inakuwa malkia. Nikaondoa kete zote ubaoni, nikabakiza tatu.

"Ni kweli," nikamwambia. "Kaa hapa nikuonyeshe inavyofika."